Uso wa Mwinyi Ukungu

New York, 14 Aprili 1941

Kwako Dada Lottie,

Pokea salamu za watu watatu wa mtaa wa Mott. Hatujambo. Mama Vera anakohoa, lakini anakohoa huku akitoa amri, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Vera amerefuka mpaka sasa ananitazama machoni. Mimi naendelea kunenepa kwa kazi ya kusimama, jambo ambalo daktari anasema haliwezekani. Mguu wako je? Na duka la ushonaji?

Ndani ya bahasha hii kuna kitabu cha katuni. Kabla hujakifungua, kaa kitako.

Unalijua jengo ninaloendesha lifti, pale Lafayette. Ghorofa ya saba kuna wachora katuni, na mmoja wao anaitwa Orrin Haskell. Mwezi wa kwanza alinitazama tukiwa katikati ya ghorofa, akasema, "Chester, una sura yenye mambo. Njoo saa ya chakula usimame, nikuchore." Dada, mtu aliyewahi kupigiwa makofi haponi. Nilikumbuka enzi zetu, "Kaka na Dada Moy, Waskoti wa Kanton", mimi na wewe tumevaa sketi za mirabaraba, tunaililia kwa nyimbo milima ambayo hatujawahi kuiona. Nikamuuliza nitakuwa nani katika hadithi. Akasema, "Mtu mkubwa sana."

Nikamwambia Vera. Vera akaliambia darasa zima.

Sasa fungua ukurasa wa tano. Huyo mwenye meno ya mbwa na kucha kama miiko ya supu, anayemfunga msichana kwenye reli, aliyepakwa rangi kama mtu aliyelala ndani ya haradali, ndiye mimi. Mwinyi Ukungu, mkuu wa maharamia wa Mashariki. Meno ni ya Haskell. Uso ni wangu, mpaka lile kovu la kidevuni uliloniachia wewe mwenyewe kwa mwamvuli.

Na anavyosema! "Wewe kufa leo, Kulunji! Mimi cheka!" Mimi niliyezaliwa juu ya duka la samaki, nisiyeweza kuagiza chai kwa Kichina bila mwenye mkahawa kuwaita wapishi waje wasikie. Shujaa mwenyewe, Kurunzi, ana taa kifuani na amevaa chupi juu ya suruali kama mtu aliyevalia gizani. Akirusha ngumi anapiga kelele, "Salaala! Kula hiyo, popo mzee!" Anayemsimamia, yaani anayesimama achorwe mahali pake, ni kijana wa Kiairishi, Rory Tierney. Anasema hajasikia mtu akitamka "salaala" tangu babu yake azikwe. Msichana kazi yake ni kuzirai. Anazirai vizuri, kofia haidondoki.

Darasani sasa wanamwita Vera "Binti Ukungu". Tangu Jumanne hajanisemesha ila kuniomba chumvi. Nimejaribu kumchekesha. Nimeshindwa, na unajua mimi hiyo ndiyo silaha pekee niliyonayo.

Nduguyo mdogo,
Chester


San Francisco, 3 Mei 1941

Mdogo wangu Chester,

Mimi mzima, mguu unauma kama kawaida yake, asante. Mpe pole mama Vera, mwambie achemshe peasi na sukari ya mawe. Wewe sikupi pole. Wewe ulikwenda kwa miguu yako.

Kitabu nimekisoma mara mbili. Mara ya pili kwa miwani. Chester, umeangalia alichokuvika? Hilo ni koti la bibi harusi. Limegeuzwa nyuma mbele. Na kofia hiyo, nimewashonea wafu kumi na moja kofia hiyo mwaka huu peke yake. Amekuvika bibi harusi kiunoni na maiti kichwani, na watoto wa nchi nzima wamelipa senti kumi kukuona. Laiti marehemu baba angekuwa hai, angekwea hizo ghorofa saba bila lifti.

Usimpige. Ukimpiga utafukuzwa, na atapata la kusimulia. Mtu wa namna hiyo huliwa kama muwa, pingili kwa pingili. Na usiache kwenda kusimama, maana aliye mbali halipizi.

Tuanze na pingili ya kwanza. Nimeandika maneno kwenye kikaratasi hiki. Mwambie ni dua za kale, azichore kwenye pindo la joho. Kila Mchina wa Marekani anayejua kusoma atajua kwamba Orrin Haskell alinyonyeshwa na nguruwe, na kwamba nguruwe alijuta.

Vera mbusu. Mwambie shangazi yake analishughulikia.

Dadako,
Lottie


New York, 8 Septemba 1941

Kwako Dada Lottie,

Natumaini barua hii inakukuta na mguu uliotulia. Hapa joto limetuhurumia kidogo, na mama Vera amepona mpaka nakosa pa kukimbilia.

Dua zako zilichorwa kwa uaminifu mkubwa. Haskell alitoa ulimi nje akizinakili. Kisha zikaenda kiwandani, ambako vitabu hivi huchapwa kwenye karatasi ambayo hata samaki angekataa kufungiwa. Wino ukasambaa. Nguruwe wako ametoka kama buibui watatu waliokanyagwa. Nilimpelekea mzee Kwok wa duka la dawa. Akatazama kwa kioo cha kukuzia, akasema ama ni jina la nasaba, ama ni bei ya tangawizi.

Basi nikarudi kwenye kazi ninayoijua. Dada, unakumbuka yule mwimbaji mnene wa Buffalo aliyekataa tusimame mbele yake? Unakumbuka tulimfanya nini? Hatukufanya kitu. Tulitulia. Yeye akarusha mikono mpaka akachoka, na ukumbi mzima ukawa unatutazama sisi wawili.

Haskell ni mvivu. Hachori anachofikiri, anachora anachokiona, mstari kwa mstari, kwa sababu kila mwezi amechelewa. Sasa nikisimama, sijikunyati tena kama anavyotaka. Nashusha kidevu. Sitazami anayepiga kelele, natazama nyuma yake kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Mikono naiweka nyuma. "Chester, fanya ukali!" ananiambia. Namwambia, "Bwana, huu ndio ukali wa kwetu." Anachora. Joho nalo nimelikataa, nikasema linaniwasha. Nimekuja na suti yangu ya kijivu ya jukwaani, ile uliyoikata wewe, ambayo siku hizi hufungika nikikata pumzi.

Na Rory naye nimempa ushauri wa bure. "Kijana, simba hujikunja kabla ya kuruka." Tangu hapo Kurunzi anaingia kila ukurasa akiwa amekunja magoti kama mtu anayeulizia choo.

Matunda nimeyaona wiki hii. Barua za wasomaji zimekuja kwa gunia. Msichana wa Ohio anauliza kama Mwinyi Ukungu ana mke. Mama Vera amejitolea kumjibu. Meneja amefurahi, ameamuru Mwinyi Ukungu awe kwenye jalada kila mwezi, na Haskell anapita akipongezwa kwa "uso usiosahaulika".

Hapo ndipo nilipojisikia vibaya kidogo, sijui kwa nini.

Nduguyo mdogo,
Chester


San Francisco, 30 Septemba 1941

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Mimi sijambo.

Nitakuambia kwa nini. Umemchoma mkuki, kisha ukampa mpini auze. Hapa mtaa wa Stockton watoto wanagombania kuwa Mwinyi Ukungu. Mmoja amejifunga pazia la mama yake. Nilicheka, sikatai. Ile suti imetoka vizuri sana. Lakini uso wako sasa uko kwenye kila kibanda cha magazeti kutoka kwako hadi kwangu, na bado ni uso wa mtu anayefunga wasichana kwenye reli. Watu wa sokoni hawasomi mabega, Chester. Wanaangalia rangi.

Vera ameniandikia. Anasema shuleni jina halijaisha, limekua tu.

Nilikuambia umle kama muwa. Wewe umempandia shamba.

Dadako,
Lottie


New York, 21 Desemba 1941

Kwako Dada Lottie,

Tuko hai. Nyumbani wazima, na tangu Wajapani waishambulie nchi redio haizimwi. Huko pwani kwenu nasikia mnazima taa. Funga milango, na mwambie yule mpangaji wako aache kupanda juu ya paa na darubini, watamdhania vingine.

Jumatatu nilipanda ghorofa ya saba nikakuta mwandika herufi ana wembe na kijiti chenye rangi nyeupe. Anakwangua. Kila palipoandikwa "Mashariki" anaandika "Tokyo". Kurasa zilikuwa zimekwisha zote, zilikuwa ziende kiwandani jioni ile. Hawakubadilisha nywele moja. Kwa tone la rangi, dada, nimekuwa Mjapani kabla ya chakula cha mchana.

Nikamwendea Haskell. "Bwana, mimi ni Mchina. Binamu zangu wanapigwa mabomu na hao watu mwaka wa tano sasa."

Hakunyanyua hata penseli. "Chester, kaka yangu, nani anaona tofauti?"

"Mimi naona."

"Wewe hununui vitabu."

Rory alikuwa amesimama kule na chupi yake ya kishujaa juu ya suruali. Akatazama sakafu. Mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka, ile hi-hi ya mtu anayeshikilia kazi. Ninaisikia bado.

Nduguyo mdogo,
Chester


San Francisco, 9 Januari 1942

Chester,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Nakutumia vibandiko vitatu vya kifuani nilivyoshona mwenyewe, "Mimi ni Mchina", kwa Kiingereza na bendera. Chako, cha mama Vera, cha Vera. Vaeni hata mkienda kumwaga taka. Hapa wameshampiga muuza mboga wa Kikorea, wakidhani ni Mjapani.

Usiende tena kusimama mbele ya yule mtu. Nilisema aliye mbali halipizi. Nimekosea. Ondoa uso wako pale leo.

Dadako,
Lottie


New York, 15 Machi 1942

Kwako Dada Lottie,

Samahani kwa ukimya. Tunaendelea. Uliuliza kwa mama Vera kama vibandiko vilifika. Vilifika. Changu nilikuwa nimekivaa siku ile.

Ilikuwa Februari, mtaa wa Canal, mimi na Vera tunanunua gazeti. Kitabu kipya kimetundikwa kibandani kwa vibanio vya nguo, na mimi nipo kwenye jalada, kisu mkononi. Mwanamume mmoja aliyevaa nadhifu, mwenye mke, alilitazama jalada, akanitazama mimi, akalitazama tena jalada. Kisha akanipiga. Hakunipiga sana. Niliwahi kupigwa zaidi jukwaani kule Toledo, kwa viazi. Lakini alinitemea mate pia, na mkewe akasema, "Ndiye, ndiye kabisa!" kama watu waliokutana na mtu mashuhuri. Kibandiko chako kilikuwa hapo kifuani. Hakusoma.

Vera aliokota kofia yangu. Hakulia. Tulipofika kona ya Mulberry akaniuliza, "Baba, kwa nini uliwapa uso wako?"

Tangu siku hiyo anakwenda shule peke yake, na akiniona njiani anaingia duka lolote lililo karibu. Jumamosi iliyopita aliingia duka la majeneza.

Dada, hilo ndilo ninalolitaka lilipwe. Sitaki kingine. Kofia ilioshwa, kidevu kimepona. Nataka mtoto wangu atembee nami barabarani.

Niliacha kwenda ghorofa ya saba, kama ulivyosema. Mwanzoni mwa mwezi huu Rory akaandikishwa jeshi la majini, na Haskell akabaki bila shujaa. Akanishika lifti ikiwa inapanda. "Chester, unajua kusimama kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kurunzi ana kinyago. Kinachoonekana ni kidevu na mdomo. Tumbo utalivuta."

Mimi, Kurunzi! Niliona Mungu amenifungulia mlango. Nilisimama kama mtu aliyemeza ufagio. Nikawasimamia hata tangazo la vita: Kurunzi amemnyooshea mtoto kidole, anamwambia kila karatasi kuukuu ni risasi, "Toa zote, rafiki, usibakize hata moja!" Nikachukua karatasi ya majaribio ya hadithi yenyewe nikampelekea Vera mezani. Nikamwonyesha kovu. "Unaona shujaa ni nani?"

Kwenye picha ile Kurunzi, mwenye kidevu changu, anamvunja meno askari wa Tokyo. Na askari ana uso wangu.

"Baba anampiga Baba," akasema, akaenda kulala.

Kesho yake nilimuuliza Haskell amempata wapi yule askari, maana sikumsimamia. Akafungua droo pana kando ya meza yake. Humo mna kurasa zote, Dada, za mwaka mzima. Mimi nikicheka, mimi nikipiga magoti, mimi kutoka ubavuni. Anaweka karatasi laini juu, ananakili. "Wewe nakuhitaji kwa taya tu," akasema. "Uso wako ninao wa kunitosha mpaka vita viishe."

Nduguyo mdogo,
Chester


San Francisco, 10 Mei 1942

Mdogo wangu Chester,

Salamu kwako, kwa mama Vera, na kwa Vera hasa. Afya yangu ni hiyo hiyo.

Duka la akina Okuda, wale Wajapani jirani zangu, limefungwa. Miaka ishirini nimenunua uzi wa hariri kwa yule mama. Tangu Wajapani waingie Nanking sikumwamkia, naye akaendelea kunipimia uzi kwa ukarimu ule ule. Wiki iliyopita Wajapani wote wa mtaani walipangwa kandokando ya njia na mabegi wapelekwe kambini, kila mtu na kikaratasi chenye nambari shingoni, hata mtoto. Nilitoka dukani kwangu nikasimama na kibandiko changu kifuani. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi tangu mwaka thelathini na saba.

Mvulana wangu wa kupeleka mizigo alikuwa kando yangu. Akaniuliza, "Mama Quan, mbona hawafanani na wa kwenye kitabu?"

Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Wewe unasema Haskell ameuchukua uso wako. Ni kweli. Lakini angalia anaupeleka wapi.

Ile droo, Chester. Sikuelekezi la kufanya. Nakukumbusha tu kwamba chochote kinachotoka katika jengo hilo kinapita mkononi mwako.

Dadako,
Lottie


New York, 12 Juni 1942

Kwako Dada Lottie,

Salamu kem kem! Hatujambo, hatujambo, hatujambo. Mama Vera anasema niandike taratibu, naharibu meza.

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chakula. Mimi nikasema siwezi kuiba, nina mke na sare ya kampuni. Vera akala mpaka akamaliza. Kisha akauliza, "Lile tangazo la kidole lilitoka?" Nikamwambia limetoka, lipo nyuma ya kila kitabu. Akaomba senti kumi.

Jana, saa ya chakula, mlango wa jengo ukafunguliwa, wakaingia wasichana wanne na mkokoteni, wamevaa vitambaa vya mkononi vya shule yao, na mbele yao Vera. Akaingia kwenye lifti yangu kama mteja. "Ghorofa ya saba tafadhali, bwana."

Nikawapandisha.

Vera alikwenda moja kwa moja kwa meneja, mbele ya wachoraji wote na wapiga chapa, akafunua tangazo. "Bwana, Kurunzi ametutuma. Amesema kila karatasi ni risasi. Darasa letu limekusanya nyingi kuliko Wataliano, bado tunazidiwa na Wapolandi. Ninyi ndio nyumba ya Kurunzi. Yeye mwenyewe ametoa ngapi?"

Meneja akachekacheka. Akaona watu wanamtazama. Akauliza kama kuna karatasi kuukuu.

"Bwana," nikasema mimi pale mlangoni, kofia mkononi, mnyenyekevu kama mwombolezaji, "kuna droo ya Bwana Haskell. Kurasa zilizokwisha kuchapwa. Nzito nzito. Zinafaa sana kwa risasi."

"Haskell yuko wapi?"

"Amekwenda kula, bwana. Kila siku hukawia."

"Toa zote!" akasema meneja, na kidole akanyoosha vile vile nilivyonyoosha mimi kwenye tangazo. "Zote, rafiki! Usibakize hata moja!" Wakapiga makofi.

Dada, zilijaa mkokoteni na bado tukafunga mafungu kwa kamba. Nikamwachia mfagiaji lifti. Tukashuka Lafayette, tukakata Canal, mimi nasukuma, wasichana wanashikilia mafungu, na Vera kando yangu, mkono wake kwenye mpini karibu na wangu. Upepo ulikuwa unafunua funua zile karatasi za juu. Watu walikuwa wanaona, jicho hapa, meno kule. Vera aliona kila mtu akiona. Hakuingia duka lolote.

Tulipofika shuleni, kabla hazijatiwa kwenye lori, nikamuuliza kama angependa kubaki na moja ya ukumbusho. Ile ya suti ya kijivu, kwa mfano, nilitoka vizuri.

"Ya nini? Mwenyewe ninaye," akasema. Akairusha yeye.

Haskell aliporudi alilia, Dada. Nilimsikia kutoka kwenye tundu la lifti. Ghorofa nne chini bado nilimsikia. Hawezi kumlalamikia mtu. Ni vita.

Nduguyo mdogo,
Chester


New York, 4 Oktoba 1942

Kwako Dada Lottie,

Nakusalimu kwa heshima zote, na mguu wako nao nausalimu. Sisi ni wazima.

Utauliza kilichoendelea. Haskell alikuwa na kurasa za kupeleka kiwandani Jumatatu, na jeshi zima la Tokyo halina uso. Akaja kwenye lifti. "Chester, nisimamie askari. Mara moja tu."

"Siwezi, bwana. Mimi ni Kurunzi. Watoto watachanganyikiwa."

"Nitakuongezea."

"Tumbo langu limeshazoea kuwa upande wa haki."

Tukapanda. Anapumua kama farasi. Nikaona nimsaidie, mimi ni mtu wa kusaidia. "Bwana Haskell, wachoraji wenzako hufanyaje wakikosa mtu? Huwa naona wanajitazama kwenye kioo, wanajinunia, wanachora. Pale msalani kipo kizuri, na mwanga."

Alikwenda. Siku mbili nzima aliketi msalani akijionyesha meno. Akajichora na kofia ya chuma. Akajichora anacheka, akapiga magoti, akapigwa. Hakutia rangi ya haradali, maana kulikuwa na amri mpya, adui wa mwezi huu ni Mjerumani, na askari wa Tokyo wote wakapewa majina ya Berlin kwa wembe ule ule. Kwa hiyo hata rangi ya kujifichia hakupata. Ni yeye, Dada. Pua yake, masikio yake, ule mwanya wa meno. Na anayemponda kila ukurasa, "Salaala! Kula hiyo, popo mzee!" ni mimi.

Hakujiona. Mtu mwenye haraka hajioni. Kitabu kimetoka Jumanne. Jumatano kinyozi alisita kumnyoa. Alhamisi msichana wa simu alipiga kelele mlango wa lifti ulipofunguka. Ijumaa mtu alimrushia yai mbele ya jengo, yai bovu, wakati huu mayai yalivyo adimu! Mtu huyo alikuwa amelitunza. Leo amepanda amevuta kofia mpaka puani. "Chester," akasema, "watu wana wazimu. Mimi nimezaliwa Vermont!"

"Najua, bwana," nikamwambia. "Lakini nani anaona tofauti?"

Vera hunisubiri mlangoni jioni. Tunatembea naye hadi nyumbani, na kila siku ananiuliza, "Leo amefanywa nini?" Namsimulia. Anacheka mpaka Mulberry.

Nduguyo mdogo,
Chester


San Francisco, 26 Oktoba 1942

Mdogo wangu Chester,

Hamjambo nyote. Mimi mzima.

Nimenunua nakala tatu. Moja nimeibandika ukutani juu ya cherehani, na nikikata kitambaa namtazama. Yule wa yai, kama angekuwa Stockton, ningemshonea shati.

Nina swali moja, nalo halinitoki. Haskell ana mtoto?

Dadako,
Lottie


New York, 20 Novemba 1942

Kwako Dada Lottie,

Sote tu wazima. Baridi imeanza.

Anaye. Binti, wa makamo ya Vera, mwenye masikio yale yale. Nilikuwa sijui mpaka jana alipokuja naye kazini, sijui shule ilikuwa imefungwa au amekataa kwenda. Waliingia. Baba akasimama kushoto. Binti akasimama kulia kabisa, uso ameuelekeza ukutani, mpaka pua inakaribia kugusa ubao.

"Jambo, Nell," nikamwambia, maana baba alikuwa amemwita hivyo mlangoni. Hakugeuka.

Haskell alinitazama. Kwa mara ya kwanza, nadhani, bila kutafuta pa kuanzia mstari.

Ungependa nikuambie kwamba niliona huruma. Niliona kidogo, kwa yule mtoto. Kwa baba nilikuwa nimebakiza pingili moja. Tulipofika ghorofa ya saba sikufungua mlango. Nikasema, "Samahani, bwana, lifti inasumbua leo," nikawapeleka mpaka ya kumi na mbili, nikawashusha mpaka chini, nikawapandisha tena, taratibu, na tena, wote wawili wamesimama humo. Kwenye mzunguko wa tatu nikasikia Haskell anasema kwa sauti ndogo sana, "Nell, si mimi yule. Ni mchoro tu." Na mtoto akamjibu akiwa bado ameuelekea ule ubao, "Kwa nini uliwapa?"

Hapo nikafungua mlango.

Vera aliponiuliza jioni, kama kawaida, "Leo amefanywa nini?" nilimwambia hakufanywa kitu, lifti tu ilisumbua. Lakini wewe ni dada yangu. Lifti haikuwa na shida yoyote.

Nduguyo mdogo,
Chester